Mawe ya Mrushaji

Shule yetu ya misheni ilikuwa Chome, juu kabisa, ambako ukungu ulitunyima jua hadi saa nne. Enzi hizo Mwingereza ndiye aliyekuwa mwenye nchi, na bibi mmoja wa Kiingereza alipita akatuachia mpira, gongo na mchezo uitwao raunda: mmoja anarusha, mwingine anapiga, kisha anakimbia kuzunguka vigingi vinne. Mimi nilikuwa mrushaji, tena mrushaji mzuri.

Mwalimu wetu, mwanamke wa huku huku milimani, alikuwa na njia yake ya kumpima mrushaji. Kila mkimbiaji uliyemwachia akafika kigingi cha kwanza, ulishuka mtoni baada ya mchezo ukapandisha jiwe moja. Mawe yako yalikaa pembeni mwa uwanja, fungu lako peke yako, kila apitaye alione. Mwisho wa mwaka yangetumika kujenga kuta za matuta ya bustani ya shule. Yule mama hakutupa kitu, hata aibu yetu aliipatia kazi.

Nilirusha mwaka mzima, kwenye manyunyu na kwenye kikohozi. Mwenzangu, binti wa jirani yetu, alirusha mara tatu tu, nilipokwenda nyumbani kumzika bibi. Kwa hiyo fungu langu lilinifika kifuani, na lake ungeliruka bila kukunja gauni.

Ikaja habari kwamba tutateremka kwa lori hadi Same, inakopita reli, kucheza na wasichana wa huko. Sikuwahi kuona treni, na niliitaka safari ile kuliko chakula. Mwalimu akasimama mbele ya mafungu mawili, akayatazama kama mtu anayechagua ndizi sokoni.

"Mwenye mawe machache ndiye atakayerusha," akasema. "Huyu mwingine abaki. Ameachia watu wengi mno."

Nilidhani nitapasuka. Nikanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Mimi nimerusha mwaka mzima, mwenzangu mara tatu. Je, tukigawanya kwa michezo?" Nikamgeukia mwenzangu. "Si ndiyo? Mara tatu?"

Akatazama vidole vya miguu yake. "Mimi hesabu zinanishinda," akasema, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani kwa hesabu.

Mwalimu hakukasirika. Aliagiza mawe yahesabiwe, akaokota kijiti, akagawanya pale chini kwenye udongo, taratibu, sisi sote tumeinama kutazama. Kwangu yalitoka mawe manne kwa kila mchezo. Kwake yalitoka tisa. Tayari nilijiona nimekaa ndani ya lori.

"Umesema kweli," akasema. "Wewe ndiye mrushaji bora." Akaifuta hesabu kwa kiatu. "Lakini msichana anayemsahihisha mwalimu mbele ya wenzake, mbele ya wageni atafanya nini? Utabaki. Wakirudi wakute umewachotea maji ya kuoga."

Nilimchukia. Sasa ni mzee, kanisani nimeambiwa mara nyingi nimsamehe, na bado namchukia.

Waliporudi walikuwa wekundu kwa vumbi la Same kuanzia nywele hadi kucha, na walikuwa wamefungwa vibaya. Wasichana wa kule walikimbia walivyotaka mbele ya mwenzangu. Nilifurahi, nisidanganye, nilifurahi hadi nikainamia ndoo ili uso wangu usionekane. Mwalimu akaniita hapo hapo, kabla hata hajanawa.

"Wamefika kigingi cha kwanza watu ishirini na sita," akasema. "Ungefunga mdomo ungekwenda, na wasingefika. Mawe yao ni yako. Yaweke kwenye fungu lako."

Ulimi uliniwasha nimkumbushe kwamba aliniacha kabla sijaufungua mdomo. "Ndiyo, Mwalimu," nikasema. Kusahihisha watu nilikuwa nimekoma.

Mwenzangu alitumwa twende wote mtoni, anisaidie kuchagua mawe. Alichagua makubwa.