Mabinti Wawili wa Jina Moja

Wasomaji wangu, tangu nitoke mazikoni Kisauni sikai nikakalika. Tumemzika dada mmoja aliyekuwa akiendesha kompyuta katika kiwanda tulichofanya kazi pamoja kule Changamwe, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana, lakini nimeumia kuliko nilivyodhani.

Hakujua kutulia yule. Kazi aliifanya wima, chai ikimpoa kando. Siku moja akatakiwa atoe orodha ya watoto wa wafanyakazi wa kupewa kadi za zahanati. Kwenye kompyuta, wake wa wafanyakazi walikuwa na jedwali lao na watoto lao, naye akayaunganisha kwa namba ya baba. Basi mwenye wake wawili, kila mtoto wake akatoka mara mbili, mara moja kwa kila mke. Meneja akafoka. Dada akaongeza neno moja la SQL, DISTINCT, linaloamuru mistari inayofanana itoke mara moja tu, akachapa jina la baba na la mtoto tu. Orodha ikanyooka, nasi tukampongeza.

Wiki haikwisha akaingia fundi mmoja wa Likoni, binti yake begani anawaka homa. Zahanati ilikuwa imemrudisha kwa kukosa kadi. Kwao binti wa kwanza huitwa jina la mamake baba, na wakeze wote wawili walikuwa wamedai haki hiyo. Kadi ikatoka moja, akapewa yule wa nyumba kubwa.

"Mzee wangu, mashine imeona jina moja, baba mmoja, ikajua ni mtoto mmoja," dada akamweleza.

"Na mama je, mwanangu? Naye mmoja? Wallahi huyu ni wangu, na yu hai!"

Dada alimpokea mtoto, akampeleka zahanati mwenyewe, akagombana na kila mtu mpaka mtoto akatibiwa. Aliporudi alilitoa lile neno, akaunganisha kila mtoto na namba ya mamake. Marudio yakaisha yenyewe, na mabinti wote wawili wakatokea.

Siku hizi kila ofisi inanunua kompyuta, na kila karani anaona raha kufuta majina yanayojirudia. Nikisikia mtu akisema "huyu tunaye tayari," roho hunipaa. Ndugu zangu, ukiona watu wawili wanafanana kwenye karatasi, usikimbilie kumtoa mmoja. Uliza kwanza mama zao ni nani.