Picha ya Mwezi Kutoka Lindi

Mume wangu anafundisha Lindi, mimi nafundisha Kibondo. Tulipoomba uhamisho tuliambiwa tutafute mtu wa kubadilishana naye kituo, na mpaka leo sijamwona mwalimu mwenye akili timamu wa kuiacha bahari aje kula vumbi letu. Wenzangu shuleni hunitania kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Nacheka nao, kisha nikifika chumbani nanuna peke yangu.

Mazungumzo yetu ya simu yalikuwa yamekauka. Umekula? Nimekula. Huko mvua vipi? Hakuna. Haya, usiku mwema. Basi niliposikia redioni kwamba mwezi utapatwa wote Jumapili, jioni tu baada ya chakula, nikamwomba kitu kimoja: tutoke nje, yeye kwake na mimi kwangu, tuupige picha tutumiane.

"Sawa mke wangu. Hilo tu?"

Hilo tu. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeanza kujiuliza kama bado nina mume, na kwamba nilitaka jioni ile inijibu.

Nikatoka na kigoda, sweta, na kitenge juu ya sweta. Nimezaliwa Kasulu, baridi ya huku naijua, haina adabu. Milima ilikuwa imechomwa moto wiki nzima na moshi umetanda, lakini mwezi ulipanda ukaupita. Picha za kwanza zilikuwa aibu. Ungeapa nimepiga taa ya bafuni. Nikaiegemeza simu kwenye rundo la matofali, nikaugusa mwezi kwenye kioo na kushusha mwanga mpaka chini, nikaiacha simu ijipige yenyewe ili mkono wangu usiitikise. Hapo ukatoka mwezi wenye madoa yake, umemegwa kwa chini.

Bibi mwenye nyumba akatokea mlangoni. "Mwana wanje," akaniita mwanawe kwa Kiha, "unapiga nini huko juu?"

"Mwezi, bibi. Na mume wangu anaupiga kwake."

"Huo huo?"

"Huo huo."

"Basi leo mko pamoja," akasema, akarudi ndani kwa sababu ya magoti yake. Nilifurahi kama mtoto. Kipaza sauti cha msikiti kilikuwa kinawaita watu kwenye swala ya kupatwa kwa mwezi, na giza lilizidi kushuka uani, nami nilikuwa na mtu wangu.

Simu ikatoa mlio wa ujumbe. Picha kutoka Lindi: mwezi mwekundu wote, umejaa kioo kizima, mashimo yake unaweza kuyahesabu. Chini yake ameandika: "Nipo nje hapa naangalia. Mzuri kama wewe."

Nikainua macho. Mwezi wangu ulikuwa bado na kipande cheupe juu, chembamba, kinang'aa.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Jua likipatwa, kila mji huona kwa zamu yake. Mwezi ni tofauti: kivuli cha dunia huuangukia wenyewe, kwa hiyo wote wanaouona huuona katika hali moja, kwa wakati mmoja. Kama Kibondo haujawa mwekundu wote, Lindi nako bado. Ile picha aliitoa mtandaoni, mwezi wa mwaka mwingine uliopigwa na mtu mwingine. Labda alikuwa kitandani, labda anaangalia mpira, labda kwingine, na huko kwingine sikutaka kukufikiria.

Nikaandika, "Mwongo wee." Nikafuta. Nikaandika somo zima la kivuli cha dunia, nalo nikalifuta. Roho iliniuma, na nilichoka ghafla, kama mtu aliyebeba maji kutoka mbali akakuta ndoo inavuja. Mwisho nikaandika: "Nzuri sana. Ingia ndani sasa, mbu wasije wakakumaliza."

Jibu halikuchelewa. "Haya mke wangu, ndiyo naingia."

Muda si mrefu kile kipande cheupe kikaisha, na mwezi ukawa mwekundu kweli, rangi ya udongo wetu ulionyeshewa na mvua. Nikaupiga. Ikatoka picha nzuri kuliko zote za jioni ile. Nikakaa nayo mkononi nikilia, na sikuwa na wa kumtumia.