Sare Mpya Siku ya Ukaguzi

Mimi mtu akinichekea bila sababu, nashika pochi yangu. Ndivyo nilivyo, na kazi ya uchapaji imenizidishia. Ukishachapa kadi za michango ya harusi ambayo haikufungwa, humwamini tena mtu.

Kwa hiyo niliposikia serikali inakopesha vikundi vya akina mama, tena bila riba, swali langu lilikuwa moja: nani anakula hapo? Lakini mwenye mashine ya kuchapia tuliyokuwa tumekodi mimi na wenzangu alishapata mnunuzi Kalangalala, kule Geita. Tusipoinunua sisi, inaondoka. Na bila mashine ile, chumba chetu cha Ngokolo kingebaki banda la kuuzia vocha.

Tulikuwa wanne, na kikundi kilitakiwa kiwe na watu watano. Wa tano alijileta mwenyewe, mama aliyekuwa akiwauzia chakula wachimbaji huko Rwamgasa. Aliijua mashine upesi, mwisho akawa anaiendesha yeye kuliko sisi sote. Badala ya kushukuru, nikaanza kumchunguza. Mtu wa machimboni anafuata nini kwenye wino? Nikajiridhisha kwamba katumwa na afisa wa mikopo, tukipata hela wagawane. Akitoka kupokea simu, nami natoka kufagia mlangoni.

Tulipopeleka maombi ya mkopo, tukaambiwa wakaguzi wanakuja kuona kama kweli tunafanya kazi. Weee! Kwetu mgeni hapokelewi ovyo ovyo. Tukashona sare za kitenge, tukasugua mashine kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa, tukachoma vipande vyote vya karatasi, ukuta tukaupaka chokaa. Kucha tulizisugua kwa ndimu hadi wino ukatoka wote. Habari ya sare sikumwambia yule mwenzetu. Nilitaka nione huyo afisa wake atamteteaje.

Asubuhi akaingia na aproni yake ya kila siku, nyeusi kwa wino, akasalimia.

"Mwangaluka, dada. Kwani leo kuna harusi?"

"Harusi ya nani? Unatutia aibu! Rudi nyumbani ukabadilishe."

Akavitazama vitenge vyetu vinne vinavyofanana, akaelewa. Akatoka.

Afisa alikuja na mwenzake mmoja. Alikuwa mtu mzima, mpole, na soda yetu hakuigusa. Asiyekunywa soda ya watu ana lake jambo, nikasema moyoni. Akapitisha kidole juu ya mashine, akakiangalia. Akaomba kuona mikono yetu. Akauliza takataka tunatupa wapi, tukaanza kutazamana.

"Mama, hapa kazi huwa mnafanya lini?"

"Kila siku, baba!"

"Na mwanachama wa tano?"

Kabla sijatunga uongo, yule mwenzetu akaingia. Kumbe hakwenda nyumbani, alikuwa amekaa nje kwenye ngazi muda wote. Afisa akamtazama kuanzia aproni mpaka kucha, kisha akatugeukia sisi tuliong'aa.

"Huyu mnamlipa kiasi gani kwa siku?"

"Silipwi, baba," akajibu mwenyewe. "Mimi ni mwenzao. Ni mwanakikundi."

"Mwenzao? Sasa sare yako iko wapi?"

 Akanitazama mimi. Mimi, na mdomo wangu wote huu unaojulikana mtaa mzima, siku hiyo nikageuka kupanga chupa za soda. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Afisa akaaga kwa heshima zote, wakaondoka.

Jibu lilikuja: hatufai, ni kikundi hewa, wanawake wanne wamekusanywa kwa ajili ya mkopo na kibarua mmoja wa kuonyeshea.

Siku mashine inapakiwa kwenye kirikuu, kigari cha mizigo, yule mwenzetu ndiye aliyeelekeza wabebaji washike wapi wasiivunje. Sisi tulisimama pembeni tukilia. Nilitaka nimlaani yule afisa, nikashindwa. Alitutazama vile vile ninavyowatazama watu. Ningekuwa mimi, nami nisingetupatia hata senti.