Honi ya Baba

Leo nilikuwa napita Eneo la Viwanda, Thika, boila ya kiwanda kimoja ikatoa mvuke wenye harufu ya mafuta mazito. Nikasimama kando ya barabara na kikapu changu cha sokoni.

Harufu hiyo haikuwa ikiisha kwenye ovaroli ya baba hata mama akiifua mara mbili. Baba alikuwa dereva wa gari la moshi, nasi tuliishi katika nyumba za reli, karibu na stesheni. Kila dereva alikuwa na namna yake ya kupiga honi ili mkewe ajue amefika. Ya baba ilikuwa moja ndefu, mbili fupi. Kazi yangu ilikuwa kuisikiliza, kisha kupiga kelele: "Mama, weka maji ya ugali!"

Jioni moja niliisikia, nikapiga kelele. Mama akapuliza makaa, akaweka sufuria.

Aliyeingia alikuwa mwenzake baba, yule wa kutunza moto wa injini. Alishika kofia ya baba kwa mikono miwili.

"Shemeji, moyo ulimsimama tulipopita Ruiru. Nimemleta mimi."

Mama akamtazama. "Na honi?"

"Nilitaka afike nyumbani kama kawaida yake."

Maji yalikuwa yameanza kuchemka. Mama hakulia. Alinigeukia mimi, akaniuliza polepole, "Si umesema baba yako amefika?"