Mbwa Aliyekuwa Tai wa Kaisari

Siku hizi watakatifu huletwa kutoka kiwandani, wa plasta, wote uso mmoja, lakini zamani kule Burgundi, Ufaransa, kila kijiji kilikuwa na mtakatifu wake wa mti, na aliyemchonga alijulikana kwa jina, kwa kikohozi na kwa kiti chake kilabuni.

Wa kijiji cha Montrouvet alikuwa Mtakatifu Roko, yule wa wagonjwa wa tauni. Alikuwa amepandisha kanzu kuonyesha jipu la pajani, na ubavuni pake alisimama mbwa aliyebana mkate mdomoni. Wote wawili walitoka kwenye gogo moja, na aliyewachonga ni baba yake Anthelme Courtillot. Anthelme mwenyewe alichonga viatu vya mti, kazi inayomfaa mtu asiyependa maneno. Uso wa mtakatifu haukumsisimua. Baba yake hakujua kuchonga nyuso za watu. Lakini yule mbwa! Alikuwa Brisquet, mbwa wao halisi, sikio moja juu, jingine chini. Brisquet alikufa, baba naye akafuata, na kilichobaki cha wote wawili kilikuwa pale kanisani. Ndiyo maana kila msumeno ulipotajwa, Anthelme alipata ulimi.

Ulitajwa kwanza wakati wa Mapinduzi. Kamati ilikuja na mkokoteni kukusanya watakatifu wa kuchoma, ikiongozwa na Bourgeot, mwenye kinu cha kusaga unga.

"Raia Courtillot, huu ni ushirikina. Mkatekate kwa msumeno tumpakie."

"Raia, mtazame vizuri. Paja wazi, hana suruali ya kitajiri, mzalendo kama wewe. Na mbwa wake anawaletea wananchi mkate. Wewe umeleta lini?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Bourgeot akamvika mtakatifu kofia nyekundu ya wanamapinduzi, na kwa miaka kadhaa akaitwa Raia Roko, mlinzi wa kanisa lililogeuzwa ghala la majani makavu.

Kisha jenerali mmoja, Napoleoni, akashinda vita huku na kule, akajivika taji la Kaisari. Katikati ya mwezi Agosti ikawekwa sikukuu ya Mtakatifu Napoleoni, ambaye padre mzee wa Montrouvet aliapa kwamba hawajawahi kujuana. Bourgeot, sasa akiwa meya, alikuja na amri.

"Roko ndiye atakuwa Napoleoni. Mpe upanga na kofia ya pembe mbili. Na huyo mbwa mwondoe kwa msumeno. Mshindi wa mataifa hatembei na mbwa koko."

"Koko nani, Bwana Meya?"

"Nembo ya Kaisari ni ndege tai, Courtillot. Tai!"

"Basi nipe wiki moja."

Wiki ilipoisha, mbwa alikuwa na mabawa. Mkate ulibaki mdomoni.

"Tai gani huyu mwenye mkia wa kujikunja?" padre aliuliza.

"Bado mchanga, Baba," alijibu Philiberte, mke wa Anthelme. "Akikua utanyooka."

Meya, kwa kutaka sifa, akamwandikia mkuu wa mkoa kwamba Montrouvet ina tai mmoja wa mti, wa fahari isiyo kifani. Barua ikawekwa kwenye faili, na faili haina huruma.

Kaisari akaendelea kushinda. Vijana wakaenda vitani, viatu vya mti vikakosa wanunuzi, maana miguu yenyewe ilikuwa Urusi. Halafu akaanguka. Mfalme wa ukoo wa zamani akarudi, Anthelme akang'oa mabawa akayaficha chini ya kitanda, mtakatifu akapata taji na jina la Mfalme, Luis, mbwa akapakwa chokaa akaitwa mwanakondoo. Hata mwaka haujaisha, Kaisari akatoroka kisiwani alikofungwa akarejea. Mabawa yakapigiliwa haraka, la kulia kushoto.

"Mume wangu, tai wako anaruka kinyumenyume," Philiberte alisema.

"Mwache. Naye anasubiri kuona mambo yanaelekea wapi."

Baada ya siku mia Kaisari akaanguka tena, safari hii moja kwa moja. Anthelme akang'oa mabawa tena, meya akabadilisha utepe wa kofia, akasema ndiyo imani yake tangu tumboni mwa mamake. Ndipo akaja mkaguzi wa Mfalme, mtu mwembamba mwenye mafua, kuchoma kila alama ya Kaisari. Mkononi alikuwa na ile barua.

"Tai yuko wapi?"

"Huyu hapa," alisema meya, akimnyooshea kidole mbwa.

"Huyu ni mbwa."

"Ndiyo, mheshimiwa. Ila alikuwa tai."

"Karatasi inasema tai mmoja. Leteni msumeno, nitachoma tai mmoja."

Anthelme alitoka mbio. Aliporudi alikuwa na kiatu kikubwa cha mti, ncha yake imechongoka kama mdomo wa ndege, kimepigiliwa yale mabawa mawili.

"Tai, mheshimiwa. Yule mwingine ni mbwa tu."

Mkaguzi alikitazama kiatu, akatazama orodha, akapiga chafya. Tai mmoja. Kikachomwa uwanjani, watu wamevua kofia.

"Mbona moshi unanuka miguu?" mkaguzi aliuliza.

"Amesafiri sana, mheshimiwa," Philiberte alisema.

Mbwa akapona. Lakini kabla ya kuondoka mkaguzi aliandika mstari mmoja zaidi: mtakatifu aliyemtumikia Kaisari asibaki katika parokia hii. Mtakatifu akatolewa kwa watu wa kijiji cha milimani, ambao wao walichomewa mtakatifu wao wakati wa Mapinduzi. Walikuja na mkokoteni wa nyumbu.

Philiberte akampa mumewe msumeno. "Mtenganishe Brisquet, ubaki naye. Nani atajua?"

Anthelme aliuweka msumeno palipoungana kanzu na manyoya. Akavuta mara moja. Unga wa mti ukamwangukia viatuni.

"Hapana," alisema. "Mzee aliwatoa pamoja."

Akasaidia kuwapakia. Mtakatifu alilazwa kifudifudi kwenye majani, mbwa akaangalia nyuma, na mkokoteni ukapanda kilima kwa kuyumba. Anthelme alisimama barabarani mpaka wakapotea kwenye kona. Kitu cha mwisho alichokiona ni sikio moja juu, jingine chini, na ule mkate.