Gasketi Mbili za Gari la Patroni

Mume wa dada yangu alikuwa fundi mwenzangu, na kwa muda mrefu hatukusemezana ila kwa kazi. Lete spana. Shika hapa. Basi. Dada alikuwa amemkimbia na kurudi kwa mama yetu, kijijini Wamaza, jino limevunjika, sikio moja halisikii vizuri. Mimi nilibaki Kasongo, katika garaji ya Mbelgiji mmoja mnunuzi wa pamba, na kila asubuhi nilimkuta huyo mume wake ameinama juu ya injini ileile niliyopaswa kuinamia mimi. Hapakuwa na garaji nyingine ya kuhamia. Alilijua hilo, ndiyo maana aliendelea kuniita shemeji, kwa sauti kubwa, mbele ya watu.

"Mi si shemeji yako," nilimwambia.

"Iko nani aliyevunja ndoa? Mi sikuvunja. Dada yako arudi nyumbani kwake."

Ningeweza kumpasua kichwa kwa nyundo. Siku nyingine niliiweka nyundo mbali makusudi.

Patroni wetu, yule Mbelgiji, alikuwa na gari la mbio, fupi, la viti viwili, lililoletwa kwa reli na meli. Kwa barabara zetu lilikuwa upuuzi mtupu, lakini alilipenda kuliko watu. Alikuwa amepeleka kichwa cha injini kwenye karakana ya mgodi kikanyolewe chuma, ili petroli ibanwe zaidi na nguvu iongezeke. Nguvu ilikuja kweli. Ila tangu siku hiyo injini ilikuwa inakula gasketi. Hilo ni bamba linalokaa kati ya kichwa na bloku. Ndilo linalozuia moto upande wake na maji upande wake. Likiungua, maji yanaingia panapowaka moto, gari linakohoa moshi mweupe na kuzimika.

Sasa mkulima mmoja mzungu wa Kabambare alikuwa amenunua gari jipya, na alimcheka patroni mezani mbele ya wazungu wenzao. Wakapatana kushindana Jumapili, kutoka Kasongo mpaka Kabambare. Injini yetu ilikuwa imefunguliwa tena, vipande vimetandazwa juu ya turubai.

Patroni akaja, akatuita wote wawili.

"Mnafunga gasketi gani?"

Zilikuwa mbili mezani. Moja ilitoka Elisabethville, nene, asbesto katikati na ngozi ya shaba juu na chini. Nyingine aliikata shemeji mwenyewe kwa patasi na tupa: bamba la shaba tupu, jembamba, alilolitia motoni mpaka likawa jekundu kisha akalizamisha majini lilainike.

"Hii nene," nikasema. "Kichwa hakiko sawa. Wa mgodi walinyoa vibaya, iko na bonde kidogo karibu na silinda ya tatu. Nilikipaka masizi nikakilaza juu ya kioo, nikaona. Asbesto italijaza lile bonde. Shaba tupu haitajaza."

"Nene itainua kichwa," akasema yule bwana, akimtazama patroni tu. "Nguvu yote uliyotafuta itapotea. Tena moto wa injini hii utaila asbesto kama karatasi. Huyu anaogopa mwendo, bwana. Ukitaka kufika Kabambare wa pili, funga yake."

Hayakuwa maneno ya kijinga. Asbesto ilikuwa imekwisha kuungua mara mbili kwenye injini ile, na mimi ndiye niliyeifunga. Lakini patroni hakupima lolote. Alisikia neno "wa pili", akachukua shaba.

"Uliyechagua utakaa nami garini," akamwambia shemeji. "Ikiharibika, ngozi yako italipa."

Tukafunga. Mimi nilikaza bolti, kutoka katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kama inavyotakiwa. Kila nilipomaliza moja, yeye alikuja na spana yake akaijaribu tena, huku wapakia pamba wakitazama.

"Unafikiri nitakuua kwa bolti?"

"Watu wa nyumba yenu mnaweza."

Nikamtemea mate miguuni. Akafuta kiatu kwa kitambaa cha grisi, akaendelea na bolti iliyofuata.

Nilimwambia patroni jambo moja tu zaidi: injini iwashwe, ipate moto, ipoe, kisha bolti zikazwe tena. Jumapili asubuhi yule wa Kabambare alikuwa amekwisha kuwasha gari lake mbele ya misheni na alikuwa anapiga honi. Patroni hakungoja. Kwa hiyo hata leo siwezi kuapa ni nini kilichoiua ile gasketi, bonde, bolti au haraka yake.

Mimi nilifuata nyuma na kamio, lori la garaji, nimebeba vifaa na ile gasketi nene. Niliwakuta wamekwama mbele ya kijiji cha Lusangi, gari limejipinda kando ya mfereji, kapo, kifuniko cha injini, wazi. Shemeji alikuwa amekaa chini. Alifungua mfuniko wa maji injini ikichemka, kwa sababu patroni alimpigia kelele afungue, na mvuke ulimvua ngozi ya mkono mpaka kwenye kiwiko. Patroni alikuwa anatembea huku na huku akitukana. Vumbi la gari la yule mwingine lilikuwa limekwisha kutua.

Aliponiona, akachomoa kiboko nyuma ya kiti, akanipa.

"Wewe ulisema shaba haitafaa. Mpige. Mpige mpaka nikwambie basi."

Nilikishika. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyofikiri. Shemeji akaniangalia kutoka chini, hakuomba, akageuza mgongo mwenyewe. Nikaliona moyoni jino la dada yangu lililovunjika. Nilitaka kumpiga, wala sitadanganya hapo. Nilikuwa nimetaka tangu siku ile dada alipopita garajini na khanga yenye damu. Lakini nilitaka kumpiga kwa ajili ya dada. Kumpiga kwa ajili ya gari la mzungu, mzungu akisimama akihesabu, hapana.

Nikakiweka kiboko juu ya kiti.

"Nimekuja kutengeneza injini," nikasema.

Patroni alinipiga kofi la uso. Halafu akakumbuka kwamba bila mimi atarudi Kasongo kwa miguu, akaenda kukaa kivulini.

Tulifanya kazi juani, mimi na shemeji, yeye kwa mkono mmoja. Bamba lake la shaba lilikuwa limepasuka palepale kwenye silinda ya tatu. Tukafunga ile nene.

"Usifikiri ninakushukuru," akasema kwa sauti ya chini.

"Shika bolti."

Gari likawaka, likarudi Kasongo polepole kama ng'ombe mgonjwa. Asbesto nayo iliungua kabla ya mvua kuanza, niliambiwa baadaye. Mimi sikuwapo tena. Jumatatu patroni alinifukuza kwa ukaidi, nikafunga mzigo nikashika njia ya Wamaza.

Dada alikuwa anamenya mihogo. Nilimsimulia yote. Aliuliza swali moja tu.

"Mkono gani?"

"Wa kuume."

Akaendelea kumenya.

Aliyekasirika ni mama. Alisimama mlangoni, ungo mkononi, akanitazama kama mtu asiyenijua. "Ulipewa fimbo, yeye amekugeuzia mgongo, na ukaiweka chini?" Nikajaribu kueleza habari ya mzungu. Hakutaka kusikia. Jioni ile hakunipa chakula. Nilichoma muhogo wangu mwenyewe nyuma ya nyumba, nikaula na majivu yake, nikiwaza ni nani atakayeniandika kazi kwenye reli ya Kibombo.