Bao la Kungojea Kazi

Mimi si mtu wa kungoja. Nilizaliwa kabla mkunga hajafika, mama yangu alikuwa akimwambia kila mgeni habari hiyo, na tangu siku hiyo sijapata kuipenda foleni ya kitu chochote. Basi mwanzoni mwa miaka ya sabini nikapewa miezi tisa ya kungojea kazi moja. Niligombana nayo yote, mwezi mmoja baada ya mwingine.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupiga taipu katika ofisi moja ya serikali, upande wa Vuga. Nilikuwa nimejifunza kwa mama mmoja wa Kihindi pale Shangani, aliyekuwa na taipureta mbili katika chumba cha mbele na rula mkononi. Ukitazama vidole vyako, rula ilivishukia. Nilipomaliza, niliandika maombi, nikaambatanisha vyeti, nikaenda mpaka Mtoni nilikozaliwa kutafuta watu wa kushuhudia kuwa kweli nilizaliwa, na makaratasi yote nikayapeleka ofisini katika bahasha mpya. Nilidhani wiki mbili zingetosha.

Nyumbani tulikuwa watatu, mimi, mama na baba, katika vyumba viwili vya juu, Mkunazini. Baba alikuwa fundi wa kanzu. Si kanzu za cherehani, hapana. Zake zilikuwa za mkono, zenye darizi shingoni iliyomchukua mwezi mzima, na watu walikuwa wakizivaa siku za Idi wakiomba waulizwe nani kazishona. Lakini wateja wake wengi walikuwa wameshasafiri, na waliobaki walikuwa na foleni ya mchele ya kushughulikia, si darizi. Kanzu zikawa chache, na hata hizo chache zikawa zinachelewa. Mama alianza kuuza mikate ya kumimina kwa majirani. Hakuna aliyenambia kwa maneno, lakini nilijua kuwa nyumba ile inaningojea mimi, na mimi ninaingojea ofisi.

Kila asubuhi, kabla sijatoka, nilikuwa na kazi ya kumtilia baba uzi kwenye sindano. Sindano kumi, kumi na mbili, nazichomeka katika kimto chake kidogo, kila moja na uzi wake. "Nyinyi vijana mna macho ya kuchezea," alikuwa akisema. Mie nilikuwa nikinung'unika kwamba ntachelewa. Ntachelewa wapi, Mungu wangu? Kwenda kuambiwa bado.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumatatu nilisimama kwenye dirisha la karani, na karani, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni na kazi ya moja, alinisalimu vizuri, akaniuliza hali ya nyumbani, akaniuliza hali ya wazee, kisha akasema, "Bado, dada. Njoo Jumatatu."

"Kuna kasoro yoyote?"

"Kungekuwa na kasoro ungeitwa."

Nikarudi Jumatatu. Nikarudi Jumatatu nyingine. Kulikuwa na ubao mrefu wa kukalia pale ukumbini, na baada ya miezi mitatu nilijua ni mguu gani wa ubao ule unaocheza. Wenzangu niliowakuta wameketi wakaitwa, wengine wakachoka wakaenda kutafuta karafuu za kuchuma. Mama akinambia subira huvuta heri, mie nikimjibu ngojangoja huumiza matumbo, na yeye akinyamaza kwa sababu mikate ilikuwa jikoni na mimi sikuwa wa kunyamazishwa.

Sasa, mkubwa wa ofisi ile alikuwa jirani yetu. Alihamia mtaani kwetu baada ya Mapinduzi, katika nyumba ya tatu kutoka kwetu, ng'ambo ya njia. Alikuwa mtu wa shamba, mnene, mwenye sauti. Jioni baada ya sala ya alasiri alikaa barazani kwake na bao la kete mbele yake, akingojea wa kucheza naye.

Nilimwambia baba, kitu rahisi kabisa: "Nenda ukamwambie. Mwambie una mtoto, kapeleka maombi, aulize faili liko wapi."

Baba aliniangalia kama nimemwambia akaibe. "Mtu haendi kwa mtu na haja mkononi," alisema. "Ntakwenda kukaa naye. Ntakunywa kahawa yake. Siku moja ataniuliza mwenyewe, fundi, nyumbani kwako vipi, na hapo ntamjibu."

"Na asipouliza?"

"Ataachaje kuuliza? Muungwana yule."

Basi akaanza kwenda. Kila siku, alasiri ikishasaliwa, baba alivaa kofia yake, akateremka ngazi taratibu, akapita ukutani kabisa, kiganja chake kikisugua chokaa, upande ule wenye kivuli. Nilidhani anakimbia jua. Akifika walishikana mikono, wakaulizana hali mara saba, wakakaa. Wakacheza mpaka jua linakaribia kuzama, na adhana ya magharibi ikiwatenganisha.

Hapa sharti nieleze jambo moja kuhusu baba yangu. Kwa bao, mtaani kwetu, hakuwa na mwenzake. Watu walikuwa wakija kutoka Ng'ambo, wengine mpaka kutoka Bumbwini, kuja kufungwa na yeye, na walirudi makwao wamefurahi kwamba angalau wamecheza. Alikuwa hana mali, hana cheo, hana shamba. Alikuwa na sindano na bao, basi.

Na yule bwana alimfunga. Alimfunga siku ya kwanza, akamfunga ya pili, akamfunga kila siku aliyokwenda. Dirisha letu lilitazama baraza ile pembeni, na mie nilikuwa nyuma ya dirisha nikipeta mchele na kusikia. Ubaya wa yule bwana hakuwa akifunga kimya kimya kama watu. Alitangaza. Kila alichokula alikitaja, kila alipolala, yaani kete yake ya mwisho ilipoangukia shimo tupu, alipataja, kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini: "Nnakula nne za kichwani. Nnapeleka kulia. Moja, mbili, tatu, nne. Hapa nnalala. Haya fundi, zako tisa zimo nyumbani, hazijaguswa." Nilimchukia kwa sauti ile. Nilisema moyoni, mtu kajifunza bao juzi, anampigia kelele mwalimu wa walimu.

Lakini zaidi nilimkasirikia baba. Nilikuwa na yakini kuwa anajifungisha kwa makusudi. Anauza bao lake kwa ajili yangu, nami sikumwomba, tena analiuza bure, kwa sababu yule bwana anashinda, anacheka, anaagiza kahawa nyingine, na swali la nyumbani kwako vipi haliulizi. Usiku mmoja kwenye chakula nilishindwa kujizuia.

"Baba, mfunge basi hata mara moja. Tujue kama tunakosa kazi, tunaikosa tukiwa na heshima yetu."

Baba alitafuna tonge lake mpaka likaisha. Mama akasema, "Muache baba yako." Alisema polepole, kwa namna ambayo hakuwa akiitumia kwangu, na mie kwa ujinga wangu nikadhani ananigombeza.

Mwezi wa tisa wa kungoja, Jumatatu moja, nilifika dirishani nikakuta karani katoka kwenda kunywa chai. Mlango wa ndani ulikuwa wazi kidogo. Nilisimama pale, nikauangalia ubao wa kukalia na mguu wake unaocheza, na damu ikanipanda. Nikajifunga buibui vizuri, nikabisha, nikaingia.

Yule bwana alikuwa peke yake, miwani puani, makaratasi mpaka kidevuni.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Karibu ukae."

Sikukaa. Nikijua nikikaa tutaulizana hali mpaka adhuhuri. "Mimi ni mtoto wa yule fundi unayemfunga bao kila siku," nilisema. "Maombi yangu yako hapa miezi tisa. Kama kufungwa kwake kunatosha, nipe jibu langu, liwe litakalokuwa. Kama hakutoshi, nambie afungwe mara ngapi zaidi."

Mpaka leo nikikumbuka maneno yale masikio yanapata moto. Yule bwana alivua miwani. Hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi.

"Wewe ndiye mtoto wa fundi?"

"Ndiye mimi."

"Fundi hajanambia hata siku moja kuwa ana mtoto anatafuta kazi."

"Nawe hukumuuliza."

"Mgeni haulizwi kilichomleta," alisema, akishangaa kabisa kwamba kuna mtu halijui hilo. "Nlidhani anakuja kucheza. Nlifurahi, wallahi. Mtaa mzima hakuna aliyekaa barazani kwangu isipokuwa yeye."

Akainuka mwenyewe, akafungua kabati, akatafuta, akaliona faili langu. Lilikuwa jembamba na lina vumbi. Alilifungua, akapitisha kidole, akafika karatasi ya mwisho, akatikisa kichwa. Kulikuwa na nafasi ya mtu mzima wa mtaani kushuhudia kuwa anaijua nyumba yetu na tabia yangu. Nafasi tupu. Karani alikuwa akingoja mtu huyo ajitokeze, na mtu huyo hakujua anangojwa. Miezi tisa. "Saini hii," alisema, "ningeitia siku ya kwanza. Jirani yako nani kama si mimi?" Akaitia pale pale.

Ningeshukuru nikaondoka. Lakini mdomo wangu ulikuwa haujatulia. Nilisema, "Ahsante. Na baba sasa ataweza kucheza kikweli."

Yule bwana akafunga faili.

"Kikweli vipi?"

"Anajifungisha. Kila mtu anajua bao lake. Hata wewe unajua."

"Mwanangu," alisema, akashusha ile sauti yake kubwa nisiyopata kuisikia imeshuka, "mzee haoni."

Hapo ndipo nikakaa.

"Nlijua tangu wiki ya mwanzo. Anazipapasa kete kwa vidole, anadhani sioni. Ndiyo maana nnamtajia. Kila nnachokula, kila nnapolala, nnamtajia, yeye anahesabu kichwani. Mashimo thelathini na mbili, kichwani. Na bado mara mbili kabakisha kidogo tu anifunge." Akavaa miwani yake. "Usimwambie kama nshakwambia. Na kesho aje kama kawaida."

Nilitoka pale nikapita Vuga nzima bila kuiona. Sindano kumi na mbili kila asubuhi. Kiganja ukutani. Kanzu zinazochelewa, na mama anayekaa na baba chumbani mlango umefungwa mchana kutwa, nami nikidhani anamsaidia kukata nyuzi, kumbe darizi zilikuwa za mkono wa mama mwenyewe. Wote walikuwa wakijua. Jirani wa juzi alikuwa akijua. Mie mwenye macho ya kuchezea ndiye niliyekuwa sioni, na kwa ujinga huo nilimwambia baba yangu, mbele ya chakula chake, kuhusu heshima. Nilikaa nyuma ya ukuta wa makaburi pale njiani, nikalia mpaka buibui likalowa.

Barua ilikuja baada ya siku kumi na tatu. Tarishi aliileta kwa baiskeli, mama akaipokea mlangoni, akaifungua, akaisoma mara mbili pale pale chini ya ngazi kabla hajaniita. Nimekubaliwa, nianze tarehe moja. Mama alinishika uso kwa mikono yake yenye unga. Kisha tukapanda juu.

Baba alikuwa amekaa karibu na dirisha, kanzu mapajani. Mama alimwekea barua mkononi. Aliigeuza, akaipeleka mbali, akaileta karibu, akaishika mbele ya uso kwa muda ambao ungemtosha mtu kusoma ukurasa mzima.

"Ana mwandiko mzuri huyu bwana," alisema.

Barua ilikuwa imepigwa taipu, kuanzia anwani mpaka cheo cha mwandikaji. Mimi, ambaye katika maisha yangu sijapata kuacha kosa lipite bila kulisahihisha, nilimtazama mama, na mama akanitazama.

"Naam, baba," nilisema. "Mzuri sana."

Akanirudishia. "Basi hebu isome kwa sauti, mama yako naye asikie."

Nikaichukua, nikakaa miguuni pake. Nikaisoma yote, tarehe, kumbukumbu namba, kila mstari na kila nukta, taratibu na kwa sauti kubwa ya kusikika mpaka barazani, kama yule bwana alivyokuwa akimtajia kete zake.